Lalamiko Lililopitia Kinywani Mwangu

Vijana, mkitaka kujua nilifanya kazi gani kabla ya kustaafu, msiulize sokoni Turbo. Kuna mama pale anayeuza sukumawiki ambaye mpaka leo anaamini mimi ni mwizi wa ng'ombe. Alikuja kortini siku moja kusikiliza kesi ya binamu yake, akanisikia nikisema kwa sauti kubwa, mbele ya hakimu na polisi, "Mimi ndiye niliyemfungua yule ng'ombe." Wiki iliyofuata nilipofika kwenye meza yake, akazivuta mboga zake karibu na kifua.

"Mama, hayo yalikuwa maneno ya mshtakiwa," nikamwambia. "Mimi ni karani wa kutafsiri tu."

"Lakini mdomo ulikuwa wa nani?" akaniuliza.

Nikanunua kabeji kwa jirani yake.

Naitwa Nekesa. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano huku Uasin Gishu, kwa hiyo nyumbani tulisema Kibukusu na nje nikacheza na watoto wa Kinandi mpaka nikawa naota kwa lugha zote mbili. Shule ikaniongezea Kiswahili na Kizungu. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa kazi. Nilidhani ni umbea tu wa mtoto aliyezoea kusikia kila nyumba inasema nini. Korti ikanionyesha kwamba umbea huo una mshahara, nami nikaufanya mpaka miwani yangu ikawa minene kuliko ya hakimu.

Sasa nakaa kwangu mtaa wa West Indies, hapa hapa Uasin Gishu, nafuga kuku na kusumbua majirani. Juzi mwanafunzi mmoja wa chuo kule Chepkoilel, msichana mwenye heshima zake, alinijia na simu mkononi.

"Mama Nekesa, niko na assignment. Tumeambiwa tuchukue word moja ya English tuitafsiri vizuri. Mimi nimepewa 'quarrel'. Si ni ugomvi tu?"

"Ni ugomvi," nikamwambia. "Lakini ukiwa na haraka ya kurudi, usiniulize mengine."

Kwa bahati nzuri hakuwa na haraka. Nikamwekea chai, nikamsimulia, na alipoondoka nikaona heri niwaandikie nyote mnaotaka kuingia kazi hii. Sina mpangilio. Nitasema yatakavyokuja.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Barasa. Alikuwa amefundisha Kizungu shule za msingi mpaka vumbi la chaki likamkorofisha kifua, akahamia korti. Alikuwa mtu wa kukohoa na kucheka kwa wakati mmoja, na alipenda maneno kama wengine wanavyopenda mpira. Somo lake la kwanza lilikuwa moja tu: ukitafsiri, usiseme "anasema kwamba". Sema "mimi". Shahidi akisema nilikimbia, wewe sema nilikimbia. Akisema naogopa, sema naogopa, na useme kama mtu anayeogopa. Ukisema "anasema kwamba anaogopa", tayari umesimama kando na kumwangalia, na korti nayo itasimama kando.

Nilipoanza iliniwia vigumu. Jaribu wewe kusimama mbele ya watu, wengine wa kanisa lako, useme "Nilikuwa nimelewa chang'aa nikalala mtaroni." Mchungaji wangu aliwahi kunisikia hivyo, akaniombea Jumapili bila kutaja jina, lakini kila mtu akageuka kuniangalia.

Somo la pili lilikuwa kutotia sukari wala chumvi. Tulikuwa na kijana mmoja, mwenzetu, aliyelelewa vizuri mno. Shahidi mmoja alimwita jirani yake fisi, tena fisi mwenye njaa, kijana akatafsiri, "Huyu bwana si mtu mzuri sana." Korti nzima ilikuwa imesikia fisi. Watu walicheka mpaka askari akalazimika kugonga mlango kwa rungu, na hakimu, ambaye hakujua Kinandi, akawa anatuangalia mmoja mmoja kutafuta kichekesho. Tukana kama shahidi alivyotukana, Mwalimu Barasa alimwambia baadaye, hilo tusi si lako, ni mzigo wa mtu, ufikishe.

Basi turudi kwenye hilo neno "quarrel". Siku moja hakimu aliandika katika uamuzi wake, kisha akausoma, kwamba yeye hana "quarrel" na ushahidi wa shahidi wa pili. Yule yule kijana wa malezi mazuri akatafsiri, "Mimi sijagombana na shahidi wa pili." Shahidi wa pili, mzee wa watu, akainuka pale nyuma akasema, "Hata mimi sijagombana na mheshimiwa, ni leo tu tunaonana!"

Tulipoenda kunywa chai, kijana alikuwa amenuna. Mwalimu Barasa akamsogezea mandazi akaanza kutueleza. Alisema neno hilo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini cha zamani, na huko lilikotoka halikuwa na kelele wala ngumi. Lilikuwa ni kulalamika. Mtu ameumia, anakwenda kusema nimeumia. Baadaye likawa lalamiko linalopelekwa mbele ya mwamuzi, yaani shauri. Ni miaka mingi baadaye ndipo watu wakaanza kulitumia kwa watu wawili wanaofokeana. Ndiyo maana Mwingereza mpaka leo akisema hana "quarrel" nawe, anakuambia hana lalamiko. Maana ya zamani bado imejificha humo ndani.

"Na ile 'quarrel' ya mshale?" kijana akauliza. Alikuwa ameikuta kwenye kamusi, mshale mfupi wa upinde wa chuma wa wanajeshi wa kale.

"Hiyo ni ya ukoo mwingine kabisa," Mwalimu akajibu. "Ilitoka kwenye neno la kitu chenye pembe nne, kwa sababu ya kichwa cha ule mshale. Wamefanana sura tu, kama wewe na yule dereva wa hakimu."

Akaendelea na mengine, maana ukimwanzisha hakuwa na breki. Akasema "debate" ndani yake mna kupiga, tena kupiga chini. Akasema "argue" mwanzo wake ni kuweka jambo wazi, na wataalamu wengine wanauona undugu wake na neno la fedha ile ing'aayo. Akasema hata "complain" lilitokana na kujipiga kifua kama wanavyofanya waombolezaji. Kisha akakohoa, akanigeukia mimi. "Nekesa, utawaona watu wengi hapa wakifokeana. Usizisikilize kelele sana. Chini yake kuna mtu aliyelalamika na hakusikika." Nilitikisa kichwa kama anayeelewa, lakini moyoni nilikuwa nafikiria mandazi ya mwisho kwenye sahani.

Nilielewa miaka mingi baadaye, Mwalimu akiwa ameshalala kaburini, siku ya kesi ya Kukhu Nasimiyu.

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na huyu alikuwa nyanya wa kweli, mdogo wa umbo, mjane, mwenye kashamba kake upande wa Turbo. Jirani yake alikuwa Kogo Rael, na kogo pia ni nyanya, kwa Kinandi. Naye mjane. Mashamba yao yalitenganishwa na ua wa kayaba, ile miti ya miiba, na katikati ya ule ua palikuwa na kipenyo ambacho Kukhu Nasimiyu alipita kwenda chemchemi, iliyokuwa upande wa Kogo Rael. Kwa miaka mingi alipita hapo na mtungi wake. Lugha waliyokuwa nayo pamoja ilikuwa Kiswahili kidogo cha sokoni: habari, mzuri, maziwa, mvua, kesho. Kinatosha kuishi, hakitoshi kuumia.

Halafu kipenyo kikazibwa. Kiprop, mtoto wa Kogo Rael, alivuta seng'enge mpya akaifunga vizuri, kwa idhini ya mamake. Kukhu akawa anazunguka kwa barabara ya malori kutafuta maji. Akavumilia, akavumilia, na asubuhi moja akachukua panga na koleo ya marehemu mumewe akakata seng'enge yote. Hakukimbia. Kiprop alimkuta amekaa kwenye mtungi wake akisubiri aulizwe. Akaenda kuripoti, na Kukhu akashtakiwa kwa kuharibu mali kwa makusudi.

Siku ya kesi alifika na furushi. Ndani yake mlikuwa na sweta, Biblia, sabuni ya kipande na blanketi. Mtu alikuwa amemwambia kwamba anayekutwa na hatia hatoki mlango alioingilia, kwa hiyo alikuja tayari kwa jela. Aliniuliza kwa Kibukusu, kabla hakimu hajaingia, kama jela wanaruhusu mtu alale na kitambaa cha kichwa. Nilimwambia sijui. Nimeona wezi wa kutumia bunduki wakifungwa nikaenda nyumbani nikapika ugali. Lakini yule mama na sabuni yake, nawaambia ukweli, aliniogopesha.

Hakimu alikuwa mama mpole wa sauti, lakini hakuwa wa kuchezewa. Kogo Rael akapanda kizimbani kama mlalamishi, amevaa shuka juu ya koti zuri la kanisani. Alikuwa anasema Kinandi tu. Mshtakiwa alikuwa anasema Kibukusu tu. Kwa hiyo kila neno lilitoka kwa mmoja, likapita kwangu, likaenda kwa hakimu kwa Kizungu, kisha kwa mwingine kwa lugha yake. Sikupewa hata nafasi ya kumeza mate.

Ushahidi ulikuwa mfupi. Ua ni wangu. Seng'enge ni yangu. Ilikatwa. Hakimu akauliza kama kulikuwa na "quarrel" kati yao kabla ya hapo. Nikamtafsiria.

"Hapana," Kogo Rael akasema. "Hatujawahi kugombana."

Nikamuuliza Kukhu vilevile. "Hata siku moja," akasema.

Mwendesha mashtaka akatabasamu, maana kesi yake ilikuwa imenyooka. Hakimu akaniambia, "Karani, mwambie mshtakiwa anaweza kumuuliza shahidi maswali."

Hapa mnielewe. Mtu asiye na wakili akipewa nafasi ya kuuliza, mara nyingi haulizi. Anasimulia, au anatukana, au anakaa kimya na kusubiri kuhukumiwa. Kukhu Nasimiyu alisimama, akaegemea kizimba, akauliza swali moja.

Nikageuka kwa Kogo Rael, nikalisema kwa Kinandi kama nilivyofundishwa, kwa sauti ile ile ya chini aliyotumia. "Rael, nilikukosea nini?"

Kogo Rael akaniangalia. Hakumwangalia Nasimiyu, aliniangalia mimi, machoni kabisa. Akaninyooshea kidole.

"Wewe! Unaniuliza ulinikosea nini? Sotet yangu iko wapi?"

Kwa msiojua, sotet ni kibuyu cha maziwa. Kinapigwa masizi ndani kwa majivu ya mti maalum, kisha maziwa yanalazwa humo mpaka yagande yawe mursik. Mwanamke wa Kinandi hakupi sotet yake hivi hivi.

Mwendesha mashtaka akaruka. "Your Honour, huyu shahidi anaongea na karani!"

Hakimu akaweka kalamu chini. "Anaongea na jirani yake," akasema. "Karani, endelea."

Nikaendelea. Kogo Rael akaniambia mimi, Nasimiyu, kwamba nilipomzika mume wangu yeye alilaza maziwa kwa mkono wake, akapita kwenye kipenyo akiwa na ile sotet aliyopewa na mamake siku ya kuolewa, akaniwekea mlangoni kwa sababu aliona nimezungukwa na waombolezaji. Kwamba alingoja. Msimu ukapita, mwingine ukaingia. "Kila siku ulipita kwangu na mtungi," akasema, "unaniambia habari, mzuri. Lakini sotet haikurudi. Nikajua basi hunitaki. Anayekaa na kibuyu chako amekuambia usije tena kwake. Sasa ungepita kwangu kwenda wapi?"

Nikageuka, nikayabeba yote mpaka Kibukusu. Niliposema "sotet niliyopewa na mama yangu siku ya kuolewa", sauti yangu ilitaka kukatika. Mwalimu Barasa alikuwa akituambia kwamba mtu akilia, usimlilie, mpe tu maneno yake. Nikajikaza.

Kukhu Nasimiyu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Iko kwangu," akasema, naye akiniambia mimi, Rael. "Nimeitundika ukutani juu ya kitanda, nimeifunika kitambaa. Ningekurudishiaje tupu? Chombo cha mtu unakirudishaje kitupu, nani alikulea hivyo? Nilipanda wimbi nikujazie, mvua ikaliharibu. Nikapanda tena, ndege wakala. Kila nikipita kwako naona aibu, nasema Mungu, wimbi liive haraka. Halafu nikakuta umezungusha seng'enge. Nikasema basi, ameniona mimi ni mtu wa kupokea tu. Amechoka nami."

Nikayasema hayo kwa Kinandi. Nikasimama pale katikati yao, nimekuwa Rael, nimekuwa Nasimiyu, na kwa mara ya kwanza sikujua mikono yangu niiweke wapi. Wamama wale waliishi kuangaliana juu ya ua miaka yote hiyo, kila mmoja akiwa na lalamiko lake tumboni, na hakuna aliyekuwa na maneno ya kulivusha. Hawakuwa wamegombana. Ingekuwa heri wangegombana.

Kogo Rael akashusha kidole. Ndipo akageuza uso, pole pole, akamwangalia Nasimiyu mwenyewe. "Tupu ningeipokea," akasema.

Nililitafsiri hilo nikiwa natabasamu, na hakuna aliyenikemea.

Hakimu hakutoa hotuba. Alimwita mwendesha mashtaka mbele wakanong'ona, kisha akatangaza kwamba kesi inaahirishwa ili majirani wakae pamoja na wazee wao na mchungaji waone kama wanaweza kuelewana. Nikamtafsiria Kukhu. Aliniuliza kama sasa anaenda jela. Nikamwambia anaenda nyumbani. Akaniuliza tena, nikarudia. Akaliinua furushi lake, akalikumbatia, na mimi nikatoka kwenda msalani nikalia kidogo, kwa raha tu, nikaosha uso nikarudi kwa kesi iliyofuata, ya mtu aliyeiba betri ya lori.

Sasa hivi nasikia mna mitambo. Mtafsiri anaweza kukaa nyumbani akaonekana kwenye skrini, shahidi yuko Turbo, hakimu yuko mjini, na mnaambiana mute, unmute. Mwanafunzi wangu wa Chepkoilel aliniambia simu yake pia inatafsiri yenyewe. Mimi sina neno. Mitambo inasaidia, inaokoa nauli za watu. Mkumbuke tu kwamba siku ile Kogo Rael alihitaji uso wa kunyooshea kidole, na kama ungekuwa uso wa Nasimiyu mwenyewe asingethubutu. Uso wangu ulikuwa karibu, na haukuwa na kosa. Kazi yenu ni kuwakopesha watu uso huo mpaka wapate ujasiri wa kugeuka. Mkiogopa kuitwa wezi wa ng'ombe sokoni, tafuteni kazi nyingine.

Walirudi korti baada ya muda. Kogo Rael akasema hana tena neno na jirani yake, anaomba kesi iondolewe. Kiprop alikuwa ameshaikunja ile seng'enge na kuondoa miiba kwenye kipenyo. Hakimu akaandika, akafunga faili, akasema Kukhu Nasimiyu yuko huru. Safari hii hakuwa na furushi. Alikuwa amebeba kitu kimoja tu, kimefunikwa kitambaa cheupe.

Nilitoka nao hadi barazani, ingawa kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kukhu akafunua kitambaa. Ilikuwa sotet, imesuguliwa ikang'aa, imejaa wimbi hadi shingoni. Akamkabidhi Kogo Rael kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

Kogo Rael akaichungulia. Akaitikisa, wimbi likachakacha ndani. Kisha akaanza kufoka kwa Kinandi, huku ameishika kifuani kama mtoto. Ni mwanamke gani anatia wimbi ndani ya sotet ya maziwa? Sasa zile punje zitatoka vipi? Masizi yote ya miaka yameharibika, itabidi aanze upya kuchoma mti na kusugua, na mgongo wake huu, na nani aliwahi kuona jambo kama hilo?

Kukhu Nasimiyu akanivuta shati. "Anasema nini?"

"Analalamika," nikamwambia.

Uso wake wote ukafunguka. Akakaa chini kwenye ngazi ya korti, akanyoosha miguu yake kama mtu aliyefika kwake.

"Mwambie aendelee," akasema.